Gitaa la Nani?

Masika ya mwaka juzi niligundua kwamba naweza kupenyeza karatasi chini ya daraja la gitaa langu. Daraja, kwa msomaji asiyepiga, ni kile kipande cha mbao kilichogundishwa tumboni mwa gitaa, mahali ambapo nyuzi zinafungiwa. Pale hapatakiwi kuwa na mwanya hata wa kupitisha wembe. Langu lilikuwa linameza risiti ya benki mpaka nusu.

Sababu zake ni za kawaida kabisa. Nyuzi sita za chuma zikishakazwa sawasawa, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, usiku na mchana, hata kama hulipigi. Mbao nazo zinakunywa unyevu wa hewa. Watengenezaji wanashauri gitaa likae kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na sisi wa Dar es Salaam tunaishi kwenye 70, 80, na wakati wa masika zaidi. Mbao inavimba, tumbo linatuna, gundi inachoka, daraja linaanza kunyanyuka. Mimi nilikuwa nimelitundika ukutani, jirani na dirisha, kwa sababu lilipendeza pale.

Nikiri mapema: mimi si mwanamuziki. Ni mwandishi wa habari, nina nyimbo nne ninazozipiga vibaya, na nina vitambaa vya kufutia gitaa vingi kuliko nyimbo. Watu wa aina yangu tupo wengi siku hizi. Tunanunua, tunatundika, tunabadilisha nyuzi, tunapiga picha.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alijaza ule mwanya gundi ya haraka, ile ya kushikizia viatu, akanitoza hela nzuri na kuniambia nimepona. Wiki mbili tu, mwanya ukarudi, safari hii ukiwa na kingo nyeupe za gundi iliyokauka. Ndipo mama akaniambia, "Si umpelekee mjomba wako? Huyo alikuwa wa magitaa."

Nilijua kwamba mjomba aliwahi kupiga muziki, kama tunavyojua mambo ya wakubwa wetu, yaani juu juu. Nikapanda treni ya umeme na gitaa langu mpaka Morogoro, nikamkuta Kihonda barazani kwake. Nikamwamkia, akaitikia, akalipokea begi na kulifungua polepole. Hakuangalia daraja. Aliligeuza gitaa nyuma, akapapasa ubavuni, akaangalia juu ya kichwa pale penye funguo za kukazia nyuzi, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akauliza:

"Hili ni la nani?"

"La kwangu, mjomba."

"La kwako, la kwako mwenyewe?"

"Ndiyo. Nimelinunua."

Akatikisa kichwa. Baadaye ndiyo nikajua alichokuwa anatafuta. Alikuwa anatafuta namba.

Mjomba alipiga gitaa la ridhim kwa miaka tisa, kuanzia 1979, katika bendi ya taasisi moja ya umma. Sitaitaja, kwa sababu kisa chake si cha bendi hiyo peke yake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gitaa. Lile alilolipiga lilikuwa na namba ya mali ya taasisi, imeandikwa kwa rangi nyeupe nyuma ya kichwa, kama inavyoandikwa kwenye meza na viti vya ofisini. Alilisainia kwenye daftari alipoajiriwa. Alipoacha kazi, alilirudisha, mtunza stoo akakata mstari kwenye jina lake. Jina la kampuni iliyolitengeneza gitaa hilo amelisahau. Namba anaikumbuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiusikiliza msemo mmoja wa Kiswahili kwa sikio jingine. Mtu akiacha kazi tunasema amebwaga manyanga. Magazeti yetu yanaupenda sana: kocha kabwaga manyanga, mwenyekiti kabwaga manyanga. Manyanga ni ala ya muziki, yale makopo au vibuyu vyenye punje ndani vinavyotikiswa. Sasa fikiria kidogo. Kwa nini mwanamuziki anayeondoka ayaache chini manyanga? Kwa nini asiondoke nayo? Msemo hautuambii, lakini mjomba angekujibu bila kufikiri: kwa sababu si yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Gitaa lilipoanza kuenea katika nchi zinazozungumza Kiswahili, lilikuwa mali ya mtu mmoja. Lilikuwa gitaa kavu, lisilo na umeme, na mwenye nalo alikuwa mara nyingi kijana anayefanya kazi ya mshahara migodini, kwenye reli, bandarini au jeshini. Fundi Konde wa pwani ya Kenya alikwenda Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akiwa katika kikosi cha kuwaburudisha askari, na baadaye akawa miongoni mwa wa kwanza nchini mwake kulipiga gitaa la umeme. Magharibi ya Kenya, wapigaji wa omutibo kama George Mukabi walihitaji gitaa moja na chupa tupu ya soda ya kugongwa pembeni. Hiyo ilikuwa bendi kamili.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana huyo huko Jadotville, mji wa madini wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Akamrekodi "Masanga", na wimbo huo umefundishwa kwa wapiga gitaa duniani mpaka leo. Kiswahili alichoimbia Bosco ni kile cha Katanga, na kilimfungulia milango huku kwetu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, ambako sauti yake na gitaa lake vilisikika redioni kwenye matangazo ya dawa ya Aspro.

Sahani za Bosco zilitolewa kwa lebo ya Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Kampuni hiyohiyo iliuza pia magitaa ya bei rahisi kwa jina hilohilo, yaliyotengenezwa Durban. Kwa hiyo ungeweza kumsikia Bosco kwenye sahani ya Gallotone, ukatamani, ukaenda kununua gitaa la Gallotone ujaribu. Moja lilifika hadi Liverpool: gitaa la kwanza la John Lennon, mwaka 1957, lilikuwa Gallotone Champion. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyomhakikishia mnunuzi kwamba gitaa halitapasuka. Mimi nikiisoma ahadi hiyo huwa nacheka, maana anayeahidi kwamba mbao haitapasuka anajua vizuri kwamba mbao hupasuka. Lakini jambo la maana ni hili: likipasuka, lilikuwa limepasuka mikononi mwa mwenyewe. Hasara yake, gundi yake, ufundi wake.

Mambo yalibadilika muziki ulipohamia kwenye bendi, na zaidi ulipohamia kwenye umeme. Tanganyika ilikuwa na vilabu vya muziki wa dansi zamani sana: Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Vilikuwa vilabu hasa, vyenye wanachama na michango. Bendi ilipohitaji trampeti au gitaa, watu walichangishana, na chombo kikawa cha wote. Si cha mpigaji, lakini mpigaji alikuwa mmoja wa wenye nacho.

Halafu likaja gitaa la umeme. Gitaa la umeme peke yake ni ubao wenye waya. Linataka amplifaya, spika, maikrofoni, gari la kubebea na ukumbi wenye stima. Nimejaribu kuliweka jambo hili kwa ufupi nikashindwa kupata maneno bora kuliko haya: gitaa kavu linahitaji mpigaji, gitaa la umeme linahitaji tajiri. Ndiyo maana kwa Watanzania neno "vyombo" lilipata uzito wake wa pekee. Ukisema bendi "ina vyombo" huzungumzii tena ala moja moja, unazungumzia mtaji.

Na katika Tanzania ya Azimio la Arusha, tajiri mkubwa alikuwa umma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz, ile ambayo baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa tunaijua leo kama Msondo Ngoma. Wakafuata wengine: jeshi la polisi, JKT, umoja wa vijana, shirika la bima, shirika la usafiri wa mabasi ya jiji. DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilibeba herufi za Shirika la Maendeleo Dar es Salaam mbele ya jina lake. Hebu fikiria leo uone kampuni ya bima ina bendi ya dansi, na bendi yenyewe ni kali!

Sitaki kuubeza mfumo huo. Mjomba mwenyewe ananikataza. "Sisi tulikuwa na mshahara, mwanangu," anasema. "Mwisho wa mwezi unajua unakwenda dirishani unapokea. Nyie waandishi mnaolipwa kwa makala mnaujua huo?" Hapo sina la kujibu. Mfumo ule uliwapa wanamuziki ajira ya kudumu, muda wa mazoezi, na vyombo ambavyo hakuna kijana wa Kihonda angeweza kuvinunua. Bila huo, nusu ya nyimbo tunazoziita zilipendwa zisingekuwepo.

Ila ulikuwa na sharti lake. Ukiondoka, unaondoka na vidole vyako tu. Historia ya dansi yetu imejaa habari za kuhama: fulani katoka bendi hii, kaenda ile, kafuatwa na watatu. Tumezoea kuisimulia kama historia ya ugomvi na tamaa, kama ya wachezaji wa Simba na Yanga. Mjomba anaisimulia tofauti. Kwake, nusu ya uhamisho wa miaka ile ulikuwa swali la nani ameshusha vyombo vipya. Mwanamuziki asiye na gitaa analifuata gitaa lilipo. Mwenye vyombo naye, awe shirika au mtu binafsi, alikuwa na uwezo wa kuamka asubuhi akafunga stoo, na siku hiyo bendi ikawa haipo hata kama wapigaji wote wako hai na nyimbo wanazikumbuka.

Waliojaribu njia nyingine walikuwepo. Orchestra Maquis, wanamuziki waliotoka Zaire, walijiunga katika kampuni yao wenyewe, OMACO. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, bendi aliyoiongoza mpaka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Lakini wengi hawakuwa Mbaraka. Wengi walikuwa kama mjomba, wapiga ridhim, watu ambao ukiwatoa kwenye wimbo unabomoka, na ukiwaacha humo hakuna anayewataja.

Sasa nirudi kwenye daraja la gitaa langu, maana hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikukitarajia.

Mjomba alilegeza nyuzi zote kwanza. Akapasha moto kisu chembamba cha mezani, akakipenyeza kidogo kidogo chini ya daraja mpaka likaachia lote. Saa nzima ikaishia hapo. Kisha akaanza kukwangua ile gundi ya viatu, kwa subira ya mtu anayechambua mchele, huku akimsema yule fundi kwa maneno ambayo siyaandiki. Mbao ilipobaki tupu na safi, akapaka gundi nyeupe ya seremala, akalirudisha daraja, na kulifunga gitaa zima kwa mpira wa tairi ya baiskeli uliokatwa mkanda mrefu, akizungusha na kuvuta, akichomeka kibao juu ya daraja ili mgandamizo uende panapotakiwa. Gitaa likafanana na mgonjwa wa hospitali. "Siku mbili," akasema. "Usiliguse."

Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akacheka. "Kwani nani angetutengenezea?"

Na hapo ndipo miaka ya themanini ikafunguka. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikuwa haina fedha za kigeni. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse nyuzi za gitaa. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, ndio hukatika mara kwa mara, na uzi mpya ulikuwa unasubiriwa kama barua ya posa. Basi waliungaunga. Uzi uliokatika karibu na kichwa waliufunga fundo na kuurudisha kazini. Waya wa breki ya baiskeli waliufumua, wakapata nyuzi nyembamba za chuma ndani yake, wakajaribu mmoja mmoja mpaka wapate unaokubali kupanda sauti bila kukatika. Nyuzi nene za besi zilipokufa sauti kwa jasho na uchafu, walizichemsha kwenye sufuria, wakazikausha, zikalia tena kwa siku chache. Kapo ilikuwa penseli na kipande cha mpira.

"Shirika lilikuwa na gitaa," mjomba akasema, "lakini shirika halikuwa na nyuzi."

Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Daftari la stoo lilisema gitaa ni mali ya taasisi, na kwa karatasi ilikuwa kweli. Lakini aliyejua kwamba freti ya saba inakwaruza, aliyejua funguo ipi inateleza ukipiga kwa nguvu, aliyechemsha, aliyefunga fundo, alikuwa mjomba. Miaka tisa aliliweka hai gitaa lisilo lake. Na alipolirudisha, lilikwenda kufungiwa stoo. Mashirika yalipoanza kuuzwa na kufungwa miaka ya tisini, hakuna aliyemwita. Hajui liliishia wapi. Aliwahi kusikia kwamba stoo ilivuja.

Mimi nina gitaa lenye risiti. Nimelimiliki miaka minne, na nililiacha linyanyuke daraja ukutani kwa sababu lilipendeza pale.

Siku ya tatu akafungua mipira, akafunga nyuzi mpya nilizokuja nazo, akalikaza taratibu, nusu leo nusu kesho yake. Alipomaliza, mwanya haukuwepo. Akapiga kidogo. Sitasema alipiga kama kijana, maana vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji vizuri tena. Alipiga ridhim, mstari mmoja mfupi, tena na tena na tena, akitazama barabarani. Shangazi jikoni akaacha kutwanga.

Halafu akaniambia, bila kuniangalia, kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata mtoto wa mpiga tumba wao wa zamani anaolewa, na wazee watano waliobaki wameombwa wapige nyimbo mbili tatu. Deiwaka tu, ya undugu. Vyombo watakodi, ila mwenye vyombo ana gitaa la solo na la besi, la ridhim hana.

Nilinyamaza. Natamani niandike kwamba nilisema "chukua" papo hapo, lakini nilinyamaza, na nilikuwa nafikiria daraja. Nilifikiria turubai za harusi na mvua, vijana wa spika, bia. Kama sekunde tano hivi. Mjomba alikuwa amekaa miaka mingi na watunza stoo, anazijua hizo sekunde.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Nitasaini."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema kama mtu anayetaja utaratibu.

Nilirudi Dar na begi tupu. Harusi ilipita salama. Walipiga nyimbo tano badala ya mbili. Gitaa mpaka leo liko Kihonda, na sijaenda kulifuata wala yeye hajalirudisha. Nikimwambia lichukue kabisa liwe lako, anabadilisha mazungumzo. Nikienda namkuta amelifanyia kitu: amesugua freti, ameweka mfuko wa mkaa kwenye begi unyonye unyevu, amebadilisha funguo iliyokuwa inateleza. Lakini kila nikiaga huniuliza, "Unaondoka nalo?"

Nyimbo za zama zile tumezihifadhi kiasi. Kanda za Redio Tanzania zipo, mtandaoni watu wanapandisha sahani za babu zao, wasomi wameandika vitabu juu ya mashairi ya dansi, na sisi wapenda fasihi tunayachambua kama tunavyochambua tenzi. Madaftari ya stoo hakuna aliyeyahifadhi. Humo ndimo yalimokuwa majina ya wapigaji wote, si waimbaji na wapiga solo tu, kila mmoja na chombo chake na namba yake na tarehe aliyokirudisha.

Kwa hiyo nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kupiga katika bendi ya shirika, ya jeshi, ya chama, muulize leo. Usianze na nyimbo, za nyimbo amezoea kuulizwa. Muulize chombo chake kilikuwa namba ngapi. Ya mjomba ilikuwa 0417.